Mpanda Ngazi Hushuka, Lakini Ashuke Lini?

Je, msomaji, umewahi kuketi mbele ya runinga pamoja na jamaa zako, akatokea mwigizaji uliyemjua tangu utotoni, na badala ya kucheka ukajikuta unamhurumia? Pengine mkono wake ulikuwa ukitetemeka. Pengine alisahau neno, akalitafuta kwa muda mrefu, hadi kijana aliyeigiza naye akamwokoa kwa kumtamkia. Watoto walicheka, maana walidhani huo nao ni mchezo. Wewe ulinyamaza. Na yamkini mtu mmoja hapo sebuleni alisema lile neno linalosemwa katika nyumba nyingi: "Huyu mzee naye si apumzike?"

Kuuliza swali hilo ni rahisi, kulijibu ni kazi. Mwalimu au karani wa serikali hapa Kenya anaijua siku yake. Umri wa kustaafu katika utumishi wa umma ulikuwa miaka 55 hadi mwaka 2009, serikali ilipouongeza ukawa miaka 60. Siku hiyo ikikaribia barua huja, wenzake humfanyia karamu ndogo, hotuba husomwa, naye huenda zake akingoja kiinua mgongo. Mwigizaji hana barua kama hiyo. Hakuna afisa wa kumwambia kwamba saa imefika. Yeye na moyo wake, mfuko wake na watazamaji wake ndio huamua, na mara nyingi watatu hao hawapatani.

Leo tuwatazame baadhi ya watumbuizaji wa runinga waliofikia njia panda hiyo, wa ng'ambo na wa hapa kwetu, tuone ni nini kilichomwezesha mmoja kuondoka kwa heshima na mwingine kushindwa.

Kioo hakisahau

Kwanza tuelewe ni kwa nini uzee wa mtu wa runinga huuma kuliko uzee wa watu wengine. Mkulima akizeeka huzeeka pamoja na majirani zake. Mvi zao huota kwa pamoja, na hakuna anayetoa picha za miaka arobaini iliyopita kumlinganisha nazo kila jioni. Mwigizaji hana bahati hiyo. Ujana wake umehifadhiwa katika kanda. Leo kituo kinarudia kipindi chake cha zamani akiruka na kukimbia, kesho anaonekana mwenyewe akishuka ngazi kwa kushikwa mkono. Mtazamaji hulinganisha hata bila kutaka.

Pili, mtu huyo tumemwingiza nyumbani. Hatukulipa kiingilio kumwona mara moja kwa mwaka kama afanyavyo mwenda sinema. Tulikula chajio mbele yake, tukaumwa na kupona naye akiwapo. Akizeeka tunaona kana kwamba ni mjomba wetu anayezeeka, na kwa hivyo tunajipa haki ya kumwambia apumzike, ingawa hatujawahi kumuuliza anakula nini.

Aliyeondoka watu wakingali wanamtaka

Tuanze Marekani, kwa kuwa huko runinga ilitangulia, na kizazi chake cha kwanza kilitangulia kuzeeka.

Johnny Carson alianza kuongoza kipindi cha usiku cha The Tonight Show katika kituo cha NBC tarehe 1 Oktoba 1962, mwaka ule ule ambao televisheni ilianza hapa Kenya. Kwa karibu miaka 30 Wamarekani wengi walilala baada ya kumsikiliza. Wachekeshaji chipukizi walijua kwamba wakimfurahisha Carson usiku mmoja tu, maisha yao yamebadilika.

Mnamo Mei 1991 alitangaza kwamba ataondoka baada ya mwaka mmoja. Hakufukuzwa na ugonjwa, wala watazamaji hawakuwa wamemkimbia. Tarehe 22 Mei 1992, akiwa na umri wa miaka 66, aliongoza kipindi chake cha mwisho. Siku hiyo hakualika wageni mashuhuri. Aliketi juu ya kigoda, akawaonyesha watazamaji vipande vya kanda za zamani, akashukuru, akaaga.

Linalostaajabisha zaidi ni yaliyofuata. Carson hakurudi. Wengi huaga leo na kesho wako pale pale wakiaga tena, lakini yeye alionekana kwenye runinga mara chache mno. Mwaka 1994 alitokea ghafla katika kipindi cha David Letterman, watu wakasimama kumpigia makofi, akaketi kwenye kiti cha mwenyeji kwa kitambo kidogo, kisha akaondoka bila kutamka neno. Alifariki tarehe 23 Januari 2005 akiwa na miaka 79.

Hata hivyo, msomaji, usidhani kwamba mcheshi huyo alikuwa amekauka. Mwezi ule ule aliofariki ilifichuliwa kwamba alikuwa akiandika vichekesho nyumbani na kumpelekea Letterman, ambaye baadhi yake alivitumia katika kipindi chake. Carson aliacha taa na makofi, lakini ufundi hakuuacha. Alikuwa na jambo la kufanya asubuhi alipoamka.

Na tusisahau jambo jingine ambalo wasifu wengi hulipitia haraka. Katika mkataba wa mwaka 1980, Carson alikuwa amepata umiliki wa kipindi chake. Alipofunga mlango nyuma yake, hakuwa anatoka mikono mitupu. Ni rahisi kuwa na hekima ya kuondoka iwapo nyumba unayokwenda ina chakula.

Aliyerudi akakuta mambo yamebadilika

Lakini pesa peke yake hazitoshi, na ushahidi ni Lucille Ball. Mama huyu ndiye aliyekuwa nyota wa I Love Lucy, kipindi kilichoonyeshwa kati ya mwaka 1951 na 1957 na kuwafanya watu washike mbavu. Silaha yake ilikuwa mwili. Katika kisa kimoja anaajiriwa kufunga chokoleti kiwandani, mashine inaongeza kasi, naye anazitia chokoleti kinywani na ndani ya nguo ili msimamizi asione kwamba ameshindwa. Katika kingine anakanyaga zabibu ndani ya pipa na kuishia katika vita na mwanamke mwenzake humo humo.

Lucille hakuwa maskini. Alikuwa ameongoza kampuni ya kutengeneza vipindi iitwayo Desilu na kuiuza mwaka 1967. Hata hivyo, mwaka 1986, akiwa na miaka 75, alirudi kwa kipindi kipya, Life with Lucy, akiigiza nyanya anayerithi nusu ya duka la vifaa vya ujenzi. Mwigizaji mwenzake wa siku nyingi, Gale Gordon, alikuwa na miaka 80. Waandishi wa kipindi walimrudishia vituko vile vile vya ujana wake.

Vilikataa. Si kwamba Lucille alisahau kuchekesha. Kijana akiteleza tunacheka kwa sababu tunajua atainuka. Bikizee wa miaka 75 akiteleza tunaogopa amevunjika nyonga. Kituo cha ABC kilikiondoa kipindi hicho hewani kabla ya miezi miwili kwisha, kikiwa kimeonyesha visa 8 kati ya 13 vilivyorekodiwa. Lucille alifariki Aprili 1989.

Funzo hapa, kwa maoni yangu, si kwamba mwenye miaka 75 hana nafasi katika runinga. Kosa lilikuwa kumvika mtu mzima maleba ya kijana. Laiti angepewa vichekesho vinavyotoka katika umri wake, vya nyanya anayeshindana na wajukuu kwa maneno na si kwa kuanguka, pengine hadithi ingekuwa nyingine.

Aliyebaki, na huenda alifanya vyema

Sasa nikupe mfano wa tatu, ambao utakuvuruga kidogo kama hukumu yako umeshaipitisha.

Dick Clark aliitwa kijana asiyezeeka. Alipata umaarufu kwa kuongoza American Bandstand, kipindi cha muziki kilichoanza kuonekana Marekani nzima mwaka 1957. Tangu miaka ya sabini akawa pia mwenyeji wa sherehe za kuukaribisha mwaka mpya runingani. Kwa familia nyingi za huko, mwaka haukuwa umeanza mpaka Dick Clark auhesabie sekunde zake.

Desemba 2004 alipatwa na kiharusi. Mkesha wa mwaka huo hakuonekana. Lakini tarehe 31 Desemba 2005 alirudi, ulimi ukiwa mzito, maneno yakitoka kwa shida, huku kijana Ryan Seacrest akibeba sehemu kubwa ya kazi. Watazamaji waligawanyika. Wengine walisema ni aibu na huzuni kumwonyesha mtu katika hali hiyo, na kwamba angebaki nyumbani ili akumbukwe alivyokuwa. Wengine, hasa waliopatwa na kiharusi wenyewe na waliowauguza wagonjwa wa aina hiyo, walishukuru. Walisema kwamba walikuwa wamefichwa vyumbani kwa sababu ya ndimi zao nzito, na sasa wanamwona mtu kama wao akihesabu sekunde mbele ya taifa zima.

Clark aliendelea hivyo hadi mkesha wa Desemba 2011, akafariki Aprili 2012 akiwa na miaka 82. Je, alikawia mno? Mimi naona kwamba kazi yake ilikuwa imebadilika. Hapo awali alikuwa kiongozi wa sherehe, na mwishowe akawa ushahidi kwamba mgonjwa bado ni mtu. Kazi ya kwanza ilimshinda. Ya pili aliiweza, na ni wachache ambao wangeiweza kama yeye.

Hapa kwetu: mzee aliyetuchekesha sote

Hao ni wa ng'ambo, na wote watatu walikuwa na mali. Wakiondoka waliondoka kwa hiari yao, wakibaki walibaki kwa mapenzi yao. Tukirudi nyumbani, mambo yana sura nyingine.

Wazazi wanaosoma makala haya wanakumbuka siku ambapo runinga nchini ilikuwa na kituo kimoja tu, Sauti ya Kenya, kilichobadilishwa jina mwaka 1989 kikawa KBC. KTN haikuanza hadi mwaka 1990. Katika siku hizo, usiku wa Vitimbi au Vioja Mahakamani mtaa mzima ulijazana katika nyumba yenye runinga, watoto wakiketi sakafuni na wengine wakichungulia dirishani.

Nyota wa Vitimbi alikuwa Mzee Ojwang'. Jina lake halisi lilikuwa Benson Wanjau, na vijana wengi hushangaa kuambiwa kwamba mtu yule aliyezungumza Kiswahili chenye lafudhi ya Kijaluo alikuwa Mkikuyu. Mama Kayai, aliyeigiza kama mkewe, ni Mary Khavere, Mluhya. Katika nchi ambayo ukabila umeiletea misiba, wawili hao walituchekesha kwa miaka mingi katika ndoa ya runinga ambayo hakuna aliyeiulizia kabila.

Mzee Wanjau aliigiza hadi uzeeni. Macho yalipomsumbua, Wakenya waliombwa kuchanga ili atibiwe, na wengi walichanga kwa moyo mkunjufu. Alifariki katika Hospitali Kuu ya Kenyatta tarehe 12 Julai 2015, akiwa na umri wa miaka 78. Siku hiyo taifa zima lilimlilia, kuanzia viongozi wakuu hadi makanga wa matatu.

Hebu tulitafakari hilo, msomaji. Mtu ambaye uso wake ulijulikana na karibu kila Mkenya aliyekuwa na runinga alihitaji harambee ili atibiwe macho. Si yeye peke yake. Waigizaji wa kizazi chake wamelalamika hadharani mara nyingi kwamba umaarufu wao haukulingana na malipo yao. Mtu wa namna hiyo ukimwambia "pumzika", unamwambia apumzike juu ya nini? Ana barua ya kustaafu? Ana malipo ya uzeeni? Kipindi chake cha zamani kikirudiwa, yeye hupata nini?

Jibu la swali hilo la mwisho limo katika karatasi aliyotia sahihi siku ya kwanza. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inamtambua mwigizaji kuwa mtu mwenye haki katika uigizaji wake. Lakini haki isiyodaiwa hulala. Aliyekubali malipo ya siku moja bila kuuliza marudio yatahesabiwaje hana lake tena kanda ikionyeshwa mara mia. Aliyepatana mapema kuhusu mrabaha huendelea kupata chochote hata akiwa kitandani. Tofauti kati ya kuondoka kwa hiari na kung'ang'ania hadi nguvu ziishe mara nyingi haitokani na hekima ya uzeeni. Hutokana na sahihi ya ujanani.

Njia ya katikati

Wapo pia walioondoka kidogo kidogo, na njia hii inafaa kuigwa. Mwingereza Bruce Forsyth alikuwa kwenye maonyesho tangu utotoni. Kuanzia mwaka 2004 aliongoza shindano la dansi la BBC liitwalo Strictly Come Dancing akiwa tayari ameshapita miaka 75. Mwaka 2010 aliacha kuongoza vipindi vya Jumapili vya kutangaza matokeo, akabaki na vile vikuu vya Jumamosi. Mwaka 2014, akiwa na miaka 86, akaachia uongozi wa kila wiki. Alifariki Agosti 2017.

Angalia alivyofanya. Alipunguza mzigo huku wanawake wenye umri mdogo kuliko yeye wakiuzoea mbele ya watazamaji. Siku alipoondoka hakuna aliyeshtuka, na kipindi hakikuanguka. Wahenga wanasema haba na haba hujaza kibaba. Hata kukipunguza kibaba, heri ipungue haba na haba.

Maswali matatu

Nikiyakusanya yote hayo, naona kwamba mtu asiulize "nina umri gani?" bali ajiulize mambo matatu.

La kwanza, kazi yangu bado inafanya iliyokuwa ikifanya? Mchekeshaji atazame nyuso za watu. Wakicheka kwa sababu amesema jambo la kuchekesha, yuko salama. Wakicheka kwa adabu, au wakianza kumpigia makofi kabla hajafanya lolote, basi wanaishangilia jana. Wakimwogopea asianguke, abadilishe aina ya mchezo au aondoke. Na kwa jambo hili asiwaamini wanaoishi kwa jasho lake. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

La pili, nikiondoka nitakula nini? Swali hili huulizwa mtu akiwa na miaka 25, si 65. Vijana wetu wengi wa leo hurekodi vichekesho kwa simu na kuviweka katika YouTube, na mwezi mmoja mambo yakiwa mazuri hudhani itakuwa hivyo siku zote. Hazina ya Taifa ya Malipo ya Uzeeni, NSSF, hupokea hata michango ya hiari ya mtu asiye na mwajiri. Vyama vya akiba na mikopo vipo. Nakala ya kila mkataba ihifadhiwe, na neno lisiloeleweka lisomewe mtu anayejua sheria kabla ya kutia sahihi.

La tatu, nikiamka asubuhi ya kwanza bila taa za studio, nitafanya nini? Hapa ndipo matajiri nao hujikwaa. Aliyezoea makofi kwa miaka 40 akiyakosa ghafla huona kana kwamba amekufa na hajazikwa. Mwigizaji mkongwe anaweza kuandika miswada, kuelekeza, kuwafundisha wanafunzi wanaojiandaa kwa tamasha za drama za shule na vyuo. Kuna shule ngapi jijini ambazo zingefurahi kumpata kwa saa mbili kila Ijumaa, na kumlipa?

Si waigizaji peke yao

Maswali hayo, kwa kweli, hayawahusu watu wa runinga pekee. Yanamhusu baba anayekataa kuwaachia wanawe duka ingawa hesabu zimeanza kumpotea. Yanamhusu mwenyekiti wa chama ambaye amechaguliwa bila kupingwa mpaka wanachama wamesahau jinsi ya kupiga kura. Yanamhusu mwalimu ambaye bado miaka mitatu barua imfikie, na hajawahi kumwambia mkewe wataishi wapi nyumba ya kazi ikirudishwa. Mwigizaji tunamwona tu kwa sababu yeye huzeeka hadharani.

Kwa hivyo, kabla mtu wa nyumbani mwako hajamwambia mzee wa runinga apumzike, muanze na yaliyo karibu. Mzazi, waambie watoto leo mnaishi kwa mpango gani ukiacha kazi. Mwanafunzi unayeota kuwa nyota, jifunze kusoma mkataba kama unavyojifunza kukariri maneno ya mchezo. Nawe mtazamaji, mlipe msanii angali mzima: nunua tiketi ya mchezo wake, mwalike shuleni na umlipe nauli na ujira, usimsimamishe barabarani na kumtaka akuchekeshe bure. Mcheza kwao hutunzwa, na atunzwe akingali anacheza. Mchango wa hospitalini ni wema, lakini huja umechelewa.

Mpanda ngazi hushuka, hilo halina njia ya mkato. Heri ashuke kwa miguu yake mwenyewe, vipago vikiwa imara na mtu wa kumpokea akiwapo chini, kuliko kungoja aanguke ndipo sote tukimbilie kumwinua.